Tuktuk: Kuna Usalama wa Bure na Kuna wa Kulipia

Biashara ya kuvusha watu na mizigo si ngeni kwa wakazi wa Busia na Malaba. Jina bodaboda, ambalo leo linatumika karibu Afrika Mashariki nzima, lilitokana na waendesha baiskeli wa hapa mpakani waliokuwa wakibeba watu kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda tangu miaka ya 1960. Kuna pia baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, ambazo watu wenye ulemavu wamezitumia kwa miaka mingi kuvusha bidhaa kati ya nchi hizi mbili. Tuktuk imeingia katika mitaa iliyokwisha kuzoea usafiri mdogo, na labda ndiyo sababu wengi wanaichukulia kama pikipiki yenye paa. Sivyo. Inaanguka kwa namna yake, na gharama za kuizuia isianguke zina hesabu yake.

Umbo la tuktuk halijabadilika sana tangu kampuni ya Piaggio ya Italia ilipotoa gari dogo la mizigo liitwalo Ape mwaka 1948. Mafundi wake walichukua pikipiki ya Vespa, wakaacha gurudumu la mbele na usukani wake, wakaweka magurudumu mawili nyuma. Nyingi tunazoziona leo zimetoka India, na majirani zetu wa Tanzania huziita bajaji kwa jina la kampuni ya huko, Bajaj. Ya kawaida ina urefu wa takriban mita 2.6, upana wa mita 1.3, injini ya kadiri ya sisi 200 na viti vya dereva mmoja na abiria watatu. Idadi hiyo ya watatu itarudi tena katika somo hili.

Makala haya ni ya dereva, mwenye gari na abiria kwa pamoja, kwa sababu watatu hao ndio wanaogawana gharama za usalama, wajue wasijue.

Kigoda cha miguu mitatu

Kila nyumba iliyowahi kuwa na kigoda cha miguu mitatu inajua tabia yake. Kwenye sakafu yenye mabonde hakiyumbi, wakati kile cha miguu minne kinacheza. Lakini aliyekikalia akiegemea upande ambao hauna mguu, kinampindua mara moja. Tuktuk ni kigoda hicho kikiwa na injini. Upande wa mbele wa kushoto hauna mguu, na upande wa mbele wa kulia vilevile.

Fundi au mwanafunzi anaweza kulichora jambo hili kwenye karatasi ya daftari, kila sentimita 1 ikiwa sentimita 10 za gari. Chora pembetatu yenye kitako cha sentimita 11.5, ambacho ni umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma, na urefu wa sentimita 20, ambao ni umbali kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma. Sasa weka kitone katikati ya pembetatu, sentimita 13 kutoka ncha ya mbele. Tuseme hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo dereva akiwa na abiria watatu waliokaa nyuma. Kutoka kwenye kitone hicho hadi ukingo wa pembetatu, kushoto au kulia, ni kama sentimita 3.7. Hiyo ndiyo akiba ya gari. Kitovu cha uzito kikisukumwa kikavuka ukingo, gari linapinduka.

Sasa aongezwe abiria wa nne, yule anayeambiwa akae ubavuni mwa dereva. Kama gari lina kilo 350 na kila mtu ana kilo 70, kitone kinasogea mbele kama sentimita 0.7 na kando kama sentimita 0.3. Yaonekana si kitu. Lakini mbele ndiko pembetatu inakozidi kuwa nyembamba, kwa hiyo akiba ya upande aliokaa yule wa nne inashuka kutoka sentimita 3.7 hadi 3.2. Zaidi ya sehemu moja ya nane ya akiba imeliwa na mtu mmoja, na bado mkono wa dereva umebanwa asiweze kuzungusha usukani vizuri.

Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba uzito wa mbele "unalishika gari chini". Hilo ni kweli kwa lori linalopanda mlima likiwa limepakiwa nyuma mno. Kwa chombo chenye gurudumu moja mbele, uzito unaoelekea mbele unapunguza uthabiti.

Kona ya mita 15

Kinachokisukuma kitovu cha uzito kivuke ukingo ni mwendo kwenye kona. Nguvu hiyo haikui sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Chukua kona ya kawaida ya mjini ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 15, mfano wa kutoka barabara kuu kuingia barabara ya mtaa. Kwa kilomita 20 kwa saa, gari linasukumwa nje kwa nguvu iliyo kama sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwa kilomita 30, nguvu inafika karibu nusu ya uzito wake. Kwa kilomita 40, inapita sehemu nne kwa tano.

Gari la mchoro wetu linaweza kuvumilia kiasi gani? Inategemea kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani kutoka ardhini. Kikiwa sentimita 65, gari lenye abiria watatu nyuma litaanza kunyanyua gurudumu katika kona hiyo likiwa na kilomita 33 hivi kwa saa. Likiwa na yule wa nne mbele, litanyanyua kwenye 30 au 31. Tarakimu za gari halisi zitatofautiana kidogo kulingana na muundo, mzigo na magurudumu, lakini sura ya jambo haibadiliki.

Hapa pana mambo mawili ya kutazama. La kwanza, kati ya mwendo ambao dereva anahisi ni wa kawaida na mwendo unaopindua gari pana kilomita chache sana. La pili ni kwamba kupunguza kilomita 10 kabla ya kona kunasaidia kuliko kumshusha abiria mmoja. Hii haimaanishi kubeba wanne ni sawa, kwani kila mtu anayezidi ni mwili mwingine usio na kinga ajali ikitokea. Ila dereva anayetafuta pa kuanzia aanze na kona.

Gharama yake ni ipi? Kona yenye urefu wa mita 30 inapitwa kwa sekunde 3.6 kwa mwendo wa kilomita 30 na kwa sekunde 5.4 kwa mwendo wa kilomita 20. Tofauti haifiki sekunde 2. Dereva anayepita kona 160 kwa siku atapoteza kama dakika 5, au tuseme robo saa ukijumlisha muda wa kupunguza na kuongeza mwendo. Hakuna kifaa dukani kinachouzwa kwa bei hiyo.

Kupunguza huko kufanyike kabla ya kuingia kona, si ndani yake. Breki ikikanyagwa katikati ya kona, uzito unakimbilia gurudumu la mbele, na mchoro umekwisha kuonyesha mbele kuna nini. Kwenye murram gari linaweza kuteleza kwanza badala ya kupinduka, na dereva akadhani amenusurika, kisha gurudumu la nyuma likakwama kwenye ukingo wa lami au mtaro. Hapo linapinduka hata kwa mwendo mdogo.

Hesabu ya abiria wa nne

"Songa kidogo, mama, tubebe huyu mmoja." Kila aliyepanda tuktuk amesikia maneno hayo, na lawama kwa kawaida huishia kwa dereva. Tazama kwanza daftari lake.

Tuseme nauli ni shilingi 50, dereva anampelekea mwenye gari shilingi 1,000 kila jioni, na mafuta ni shilingi 600. Shilingi 1,600 za kwanza si zake. Akifanya safari 16 na abiria watatu kila safari, anakusanya shilingi 2,400 na kubaki na 800. Akibeba wanne, anakusanya 3,200 na kubaki na 1,600. Mafuta yataongezeka kidogo, lakini jambo liko wazi: abiria mmoja ameongeza makusanyo kwa theluthi tu, ila amezidisha mshahara wa dereva mara mbili. Akibeba watano, wawili mbele, anabaki na 2,400, yaani mara tatu.

Kwa hesabu hiyo, kumwambia dereva "usizidishe" bila kugusa mambo mengine ni kumwambia atoe nusu ya chakula cha nyumbani kwake. Wachache watakubali. Wengi watasubiri askari atoke barabarani.

Lakini hesabu hiyohiyo inaonyesha njia nyingine. Ili dereva abebe watatu na abaki na zile 1,600, nauli ingepaswa kuwa shilingi 67 badala ya 50. Hizo shilingi 17 ndizo bei ya kukaa watatu katika mfano huu. Abiria akizilipa, zinatoka mfukoni mwake. Mwenye gari akipunguza hesabu ya jioni kutoka 1,000 hadi 800, sehemu ya bei hiyo inatoka kwake. Wasipolipa wote wawili, dereva ndiye anayelipa, au inalipwa siku ya ajali na yeyote aliyekuwa ndani.

Mwenye gari anayekataa kupunguza hata shilingi moja afikirie siku za gereji. Gari likilala siku 10 baada ya kupinduka, kwa mfano wetu shilingi 10,000 za hesabu zimekwenda kabla fundi hajalipwa kunyoosha fremu, kubadilisha kioo cha mbele na kushona turubai upya. Kama gari ni la mkopo, awamu ya mkopo haisubiri gari litoke gereji. Makubaliano ambayo baadhi ya wenye magari wangeweza kuyajaribu ni hesabu ya chini siku za kawaida na ya juu siku za soko, kwa sharti kwamba kiti cha dereva ni cha dereva peke yake. Sharti hilo ni rahisi kukagua. Mtu yeyote kwenye steji anaona nani amekaa mbele.

Vinavyonunuliwa dukani

Vifaa vingine vinastahili bei yake na vingine ni mapambo. Vichache vinaongeza hatari huku mwenye gari akidhani amejilinda.

Chuma kizito cha kinga kinachofungwa mbele ya gurudumu ni mfano wa mwisho. Kinaongeza uzito mahali pabaya kabisa. Keria ya juu ya paa nayo, ikibebeshwa magunia, inainua kitovu cha uzito na kupunguza mwendo ambao kona inaweza kuuvumilia. Mzigo ukae sakafuni, nyuma. Spika kubwa iliyofungwa chini ya kiti cha abiria haileti shida hiyo kwa kuwa iko chini na nyuma. Shida yake ni kwamba dereva hasikii honi ya lori.

Na malori ndiyo hatari ya pili ya mji huu, mbali na kupinduka. Malaba iko kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret, na Busia iko kwenye ile inayopitia Kisumu. Foleni ya malori inapokuwa ndefu, tuktuk zinapita kati ya malori yaliyosimama na yale yanayosonga, mara nyingi usiku. Tuktuk yenye taa moja ya mbele inaonekana gizani kama pikipiki. Dereva wa lori anaiachia nafasi ya pikipiki, ilhali inahitaji mita 1.3. Dawa yake si ghali: utepe unaong'aa kwenye kingo zote mbili za mbele na nyuma, taa ndogo za pembeni zinazowaka, na taa nyekundu za nyuma zisizofunikwa na vumbi wala stika. Katika vifaa vyote vya kununua, hivi vingepaswa kuwa vya kwanza.

Cha pili ni chuma cha kufunga upande wa kulia wa kiti cha abiria. Kenya na Uganda zote zinaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo anayeshuka kulia anashukia mbele ya magari yanayopita. Chuma kimoja kilichochomelewa vizuri kinamzuia mtoto asidondoke na kinamlazimisha kila mtu ashukie kushoto. Fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza.

Breki za tuktuk nyingi ni za ngoma katika magurudumu yote matatu. Ndani ya kila ngoma kuna vipande viwili vinavyosugua, na vikiisha chuma kinakula chuma. Madereva wengi husubiri mlio. Mlio ukisikika, ngoma yenyewe imekwisha kuchunwa, na bei ya ngoma ni kubwa kuliko ya vipande. Jambo jingine ambalo madereva wanaopeleka abiria Bunyala wakati wa mafuriko wanapaswa kukumbuka ni kwamba ngoma ikiingia maji breki hazishiki vizuri. Baada ya kuvuka maji, endesha polepole ukigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke.

Magurudumu ni madogo, rimu ya inchi 8, na upepo ukipungua katika moja la nyuma gari linaegemea upande huo kabla halijafika kona. Kupima upepo asubuhi ni kazi ya dakika mbili.

Kuna wanaouliza kama suluhisho si kuhamia kwenye gari dogo la magurudumu manne. Gurudumu la nne kweli linaondoa tatizo la kigoda. Ila lisichukuliwe kama ngao. Mwaka 2016 shirika la Euro NCAP la Ulaya lililigongesha gari la Bajaj Qute, ambalo lina magurudumu manne, milango na mikanda, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Lilipata nyota 1 kati ya 5. Chombo chepesi kikigongana na kitu kizito, bati halisaidii sana. Tuktuk za umeme, kwa upande wao, zina faida moja isiyotajwa mara kwa mara: betri zito likiwekwa chini ya sakafu linashusha kitovu cha uzito. Bei ya kununua na mahali pa kuchaji ndivyo vinavyobaki kuwa swali kwa mwenye gari wa mji wa mpakani.

Leseni, bima na mto

Kwa kanuni za leseni za mwaka 2020, dereva wa gari la magurudumu matatu linalobeba abiria au mizigo anahitaji leseni ya daraja la A3, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya udereva. Kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma katika kaunti. Malalamiko kuhusu steji iliyo mahali pa hatari au taa ya barabarani iliyozimika yaletwe kaunti. Kuhusu leseni na ukaguzi wa gari, NTSA. Mwendo wa juu mijini ni kilomita 50 kwa saa, na msomaji aliyefuata hesabu za kona ataona kwamba kuutii mwendo huo peke yake hakumfikishi salama.

Bima ya kufidia watu wengine ni lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Wengi hununua ya muda mfupi kwa kuwa ya mwaka ni pesa nyingi kwa mkupuo mmoja. Hakuna ubaya, mradi tarehe ya kuisha isipite bila mtu kuitazama. Gari lisilo na bima likimjeruhi mtu, deni linaweza kumfuata mwenye gari hadi kwenye shamba lake.

Mpaka nao una sharti lake. Bima ya Kenya peke yake haimlindi dereva akishavuka kuingia Uganda. Anayevuka na gari anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutolewa na kampuni za bima za hapa nchini na kutambuliwa upande wa pili. Abiria anayekwenda Tororo au Busia ya Uganda bila kushuka ana haki ya kuuliza kadi hiyo kabla ya kupanda. Dereva asiyekuwa nayo amshushe kwenye kituo cha mpakani, naye abiria avuke kwa miguu na kupanda chombo kingine ng'ambo.